Kuimba sean-nós kwa kumfuata Joe Heaney

Joe Heaney, mwimbaji wa sean-nós (uimbaji wa jadi wa Kiayalandi, mtu mmoja bila ala), alizaliwa Carna, magharibi mwa Ayalandi, mwaka 1919. Alikwenda Uingereza kufanya kazi za ujenzi, kisha akawa bawabu New York, nyimbo nyingi za Kiayalandi zikiwa kichwani.

Ukitaka kujifunza mtindo wake, anza na maneno kabla ya mahadhi. Usome wimbo kwa sauti mpaka ujue nani analia na kwa nini. Heaney mwenyewe alizoea kueleza kisa kwanza. Kisha imba bila ala na bila kupiga mguu, maana urefu wa noti huamuliwa na neno.

Mapambo ya sauti ndiyo huwashinda wengi. Shika silabi moja, gusa noti iliyo juu yake, shuka hadi ya chini, rudi ulipoanzia, yote kwa pumzi ileile. Mawili au matatu kwa mstari yanatosha, na ubeti unaofuata yahamishe. Ukiyajaza kila mahali maneno yanazama, na hilo ni kosa kubwa kuliko kukosea noti. Sauti usiitetemeshe, wala usiipaze penye uchungu. Pumzi ivutwe mwisho wa fungu la maneno. Maneno ya mwisho kabisa unaweza kuyasema tu, bila kuyaimba.