Ukichaguliwa mwenyekiti wa mtaa, linda haki hivi

Kwenye kamati za mtaa huku Changamwe, Mombasa, nimekaa na wenyeviti wa kila namna, na nimeona haki za watu zikilindwa au zikipotea kwa tabia ya aliyeshika kiti. Mwenyekiti wa amri humaliza kikao upesi, lakini askari wakija kutafuta vijana wa maskani, huwatajia majina bila kumuuliza mtu. Mwenyekiti wa "shauri zenu" hamtaji yeyote, ila mtoto wa mtu akitiwa ndani hakuna ajuaye nani aende kituoni. Kwa hivyo wewe uliyechaguliwa juzi, mwanangu, nisikilize.

Anza na kikao chenyewe. Mwenye nyumba akisema kwanza, mpangaji wake atanyamaza. Wape kauli wapangaji na vijana wa bodaboda mwanzo, wazee wafuate, wewe useme mwisho kabisa. Wazee watanuna, wapitie majumbani kabla ya siku hiyo uwaeleze kwa heshima, wasione wamedharauliwa. Saa nayo ina maana: asubuhi kina mama wako kwenye mahamri, Magharibi wako jikoni. Baada ya Alasiri huwapata.

Kukamatwa kwa mtu ndiko kunakompima kiongozi, na matayarisho yake hufanywa mapema. Teueni watu watatu wa nyumba tofauti, mmoja wao mwanamke, wawe na namba ya wakili. Usiende kituoni peke yako, kwani utajikuta unakubaliana na mambo kwa niaba ya mtaa mzima. Mkifika, ulizeni kwa upole amekamatwa kwa kosa gani, na muandike jibu na saa aliyokamatwa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kunyamaza na kuwasiliana na wakili, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zikiishia siku ambayo korti haikai, afikishwe siku ya korti inayofuata. Ndiyo sababu wa Ijumaa jioni huweza kukaa mpaka Jumatatu.

Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi kwamba atafika akiitwa, hailipiwi. Wakitaka dhamana ya pesa taslimu, dai risiti, maana hurudishwa kesi ikiisha kama alihudhuria. Akiwa ameumizwa, atibiwe na ajaziwe P3, fomu ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha. Malalamiko juu ya askari mwenyewe hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi.

Na tafadhali usimtetee kwa kusema "huyu ni mtoto mzuri". Hata aliyeiba kweli ana haki hizo zote. Kiongozi anayechagua wa kutetewa atawazoesha watu wake kuona haki ni zawadi yake.

Jambo jingine ni daftari. Watazame wenzetu wa Owino Uhuru, kule Mikindani, waliopata sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, alisimama pamoja nao. Mwaka 2020 korti ya mazingira hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Madai ya miaka mingi hivyo hayakai kichwani mwa mtu mmoja. Andikeni tarehe, nani aligonjeka, barua gani ilipelekwa ofisi gani na nani aliipokea.

Daftari likae kwa katibu, nakala kwa mwingine, na mkazi yeyote akitaka kulisoma alisome. Isipokuwa habari za mwanamke anayepigwa nyumbani au mtoto aliyedhulumiwa: hizo ziandikwe kando, zifungiwe. Ya mwanamke huyo, aamue mwenyewe nani azione. Ya mtoto, wazione wale tu wanaomsaidia, na hata wewe mwenyekiti usizifungue kwa udadisi.