Testosteroni imeshuka au umechoka tu? Fuata hatua hizi kabla ya sindano

Mdogo wangu alinipigia simu usiku, karatasi ya majibu mkononi. Testosteroni, ile homoni ya kiume: 271. Kuna mtu alishamwambia aanze sindano za kuiongeza wiki hiyohiyo. Nikamuuliza, "Damu walikutoa saa ngapi?"

"Saa 10 jioni, kaka. Nilikuwa nimekesha zamuni."

Nikamwambia aikunje karatasi aiweke kabatini, tuanze upya. Kazi yangu ni maabara, kwa hiyo hatua ya kipimo nitaikalia kitako. Nyingine nitazipitia juujuu.

Hatua ya 1: Jua amri inatoka wapi

Korodani hazijiamulii. Haipothalamasi, ndani ya ubongo, huiashiria tezi ya pituitari. Pituitari humwaga homoni ya LH kwenye damu. LH ikifika, seli za Leydig ndani ya korodani hutengeneza testosteroni. Msongo wa mawazo ukidumu, tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga kortisoli, homoni ya msongo, kwa wingi, na ile ishara ya ubongoni hulegea. Kiwanda ni kizima, ila oda haziji. Hofu ya dakika chache, kama ya kabla ya mechi, haina neno. Tatizo ni msongo unaolala na kuamka nao.

Hatua ya 2: Andika usingizi wako wiki 2

Tumia daftari. Saa za mkononi zinazohesabu usingizi sizipendi, maana zinampa mtu wasiwasi mpya juu ya ule aliokuwa nao. Andika umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi, na kama kuna mtu amelalamikia koroma yako. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 2011 matokeo ya vijana 10 wenye afya waliolazwa saa 5 tu kila usiku kwa wiki 1: testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Hao ni vijana, tena wazima.

Hatua ya 3: Pima, lakini pima sawasawa

Testosteroni hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Toa damu kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla ya kula. Kama unafanya kazi usiku, subiri siku za mapumziko, ulale usiku kadhaa kama watu wengine, ndipo uje. Ukiwa na homa au umetoka kulazwa, ahirisha, kwa sababu ugonjwa peke yake huishusha. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, sema mapema. Vinazidanganya baadhi ya mashine zetu. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini nazo zitaje, kwani zinashusha testosteroni kwelikweli.

Kipimo kimoja hakitoshi. Rudia siku nyingine, na rudia maabara ileile. Hapa ndipo mimi na mdogo wangu tulipopotezea jioni nzima. Alirudia kwingine, akanitumia ujumbe: "Kaka, sasa ni 14!" Nikajua amekwisha. Nikaanza kumuuliza maswali ya uvimbe wa pituitari, ya maumivu ya kichwa, ya macho kuona pembeni. Zaidi ya saa 2 baadaye ndipo nilipomwambia apige picha karatasi yote, siyo namba peke yake. Maabara ya kwanza iliandika nanogramu kwa desilita. Ya pili, nanomoli kwa lita. Zidisha nanomoli kwa 28.8: 14 inakuwa kama 403. Madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani huanza kuita "chini" ikiwa chini ya 300. Soma kizio kilichoandikwa kando ya namba kabla hujalia. Mimi mwenyewe, mtu wa maabara, sikukisoma.

Ikibaki chini mara zote 2, omba LH. Testosteroni chini na LH juu, shida iko korodani. Zote zikiwa chini, au LH ikiwa ya kawaida tu, tazama juu: msongo, usingizi, unene, dawa, au pituitari yenyewe. Hapo daktari hupima na prolaktini, homoni nyingine ya pituitari.

Hatua ya 4: Shughulikia kinachokukosesha usingizi

Uchovu, hasira za karibu na kukosa hamu ya tendo la ndoa ni dalili za sonona pia, hata testosteroni ikiwa nzuri. Zungumza na mshauri nasaha. Ukianza kufikiria kujidhuru, nenda hospitali leo, habari za homoni zitasubiri. Dawa za sonona zinaweza kupunguza hamu, lakini usiziache bila daktari. Koroma inayokatika katikati kama mtu aliyekabwa ipimwe.

Hatua ya 5: Sindano

Ukichoma testosteroni, pituitari huona imejaa, inaacha kutoa LH, na mbegu za kiume hupungua, pengine hadi kwisha. Kurudi huchukua miezi. Kama unataka mtoto, mwambie daktari kabla ya sindano ya kwanza.

Mdogo wangu hakuchoma. Aliomba kuhamishiwa zamu ya mchana, na kipimo cha mwisho nilimtoa damu mimi, saa 2 asubuhi, akipiga miayo kitini.