Kabla ya mwezi wa tano wa mimba: mambo ya kuzingatia inapofika katikati

Kati ya wiki ya 14 na ya 27 kichefuchefu huwa kimepungua, na watu wa nyumbani hudhani mama ameshavuka. Ndipo wengi hujikuta wakilia bila sababu au kuwafokea watoto. Homoni zinachangia, lakini usijilaumu kabla ya kuangalia damu, usingizi na chakula.

Anza na damu. Upungufu wake huleta uchovu, kuhema ukipanda ngazi na hasira za karibu. Kliniki za umma hapa Nairobi hutoa tembe moja ya kila siku yenye miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Imeze kwa maji au juisi ya machungwa. Chai ikae mbali nayo saa moja kabla na saa moja baada, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Tembe ikikuchafua tumbo, usiiache. Imeze usiku baada ya chakula. Choo cheusi kisikushtue. Kikiwa kigumu, ongeza maji, sukuma wiki na matunda. Na ukianza kutamani odowa, yale mawe laini ya sokoni, mwambie muuguzi akupime damu: hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu, na mawe yenyewe yanaweza kuwa na madini ya risasi.

Kichomi cha ghafla kinenani unapopiga chafya au kugeuka kitandani kwa kawaida ni kano za mfuko wa uzazi zikivutika. Geuka polepole, magoti yakiwa yamekunjwa. Maumivu yanayokuja na kuachia kwa mpangilio ni jambo jingine. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Presha hushuka kidogo kipindi hiki, ndiyo maana kizunguzungu hukupata kwenye foleni ya matatu asubuhi. Usitoke bila kula, beba maji na njugu. Ndani ya gari, mkanda upite chini ya tumbo.

Weka kando pesa za skani ya wiki ya 18 hadi 22 mapema. Mtoto huanza kusikika akicheza kati ya wiki ya 16 na 24. Kondo la nyuma, linalomlisha mtoto tumboni, likiwa limekaa upande wa mbele wa mfuko wa uzazi, mtoto huchelewa kusikika, na hofu nyingi za mimba ya kwanza hutokana na kutojua hilo. Wiki ya 24 ikifika kimya, nenda kliniki.

Huzuni au wasiwasi ukidumu wiki mbili, mweleze muuguzi bila kungoja tarehe ya kadi. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, usilale nayo peke yako. Nenda hospitali na mtu unayemwamini. Kama hofu yako ni ya mtu unayeishi naye, piga 1195, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni bure mchana na usiku.

Baada ya wiki ya 20, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au uso kuvimba ghafla huweza kuwa presha ya mimba. Hilo, pamoja na kutokwa damu au maji ukeni, halingoji asubuhi. Kwa hiyo patana sasa na dereva wa jirani atakayekubali kuamshwa saa nane za usiku, nauli ikae pamoja na kitabu cha kliniki.