Kupima Unyevu wa Mahindi kwa Chumvi na Chupa

Mahindi yaliyopukuchuliwa bado ni mbegu hai. Kila punje inapumua: inaunguza wanga wake kwa oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, maji na joto. Punje kavu hupumua kidogo mno. Yenye unyevu hupumua kwa kasi, maji na joto hujikusanya ndani ya gunia, na fukusi na kuvu hupata makao. Ukichomeka mkono katikati ya gunia la namna hiyo unasikia joto kabla hujaona ukungu.

Kuvu anayeitwa Aspergillus flavus ndiye anayeacha sumukuvu. Mwaka 2004, katika mlipuko wa sumu hiyo uliozikumba hasa Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, inastahimili joto la jikoni. Ndiyo maana tunasisitiza: unyevu ushuke hadi asilimia 13 kabla ya kuhifadhi.

Kung'ata punje kunadanganya, kwa sababu ganda la nje hukauka mapema na kiini kikabaki na maji. Tumia chumvi.

Tafuta chupa ya kioo ya mililita 750 yenye kifuniko, iwe kavu kabisa. Kaanga chumvi laini kwenye sufuria kavu hadi ichuruzike kama mchanga wa juani, kisha ipoe. Chota mahindi sehemu kadhaa za turubai, pembeni, katikati na chini, nayo yapoe kivulini. Tia vijiko 2 hadi 3 vya chakula vya chumvi, ongeza mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika 2, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Ikianguka yote chini, uko chini ya hapo.

Siri iko kwenye hewa ya ndani ya chupa. Chumvi huanza kulowa hewa inapofikia unyevuanga (mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na wote ambao hewa inaweza kubeba) wa asilimia 75 hivi, na mahindi yenye maji karibu asilimia 15 huifikisha hewa iliyofungiwa kwenye kiwango hichohicho. Mahindi yakipimwa yangali moto kutoka juani, mvuke hugeuka matone kwenye kioo cha baridi na jibu linaharibika. Chumvi ya mawe nayo haifai, inashika unyevu mapema.

Kufaulu kipimo hiki hakujakufikisha asilimia 13. Anika tena siku moja au mbili za jua kali, tabaka lisizidi sentimita 4, geuza kila saa, funika kabla umande haujashuka. Mwenye mizani ana njia nyingine: kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zina kilo 82 za punje tupu bila maji, hivyo zikifika asilimia 13 zinabaki kilo 94 na kidogo. Kilo karibu 6 zilizopungua ni maji.

Hapo ndipo mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko ya plastiki ndani ya gunia la nje, inafaa. Kamua hewa, funga kila mfuko wa ndani peke yake kwa kuusokota, kuukunja na kuukaza kamba. Wadudu humaliza oksijeni iliyobaki na kufa. Ukiyatia mahindi mabichi, maji hayana pa kutokea, na utafungua mfuko ukute yameshikana na kuchacha.