Somo: Grafu za mistari minyoofu kwa sikukuu za Desemba – bendera, mlima na kosta ya kwenda Marangu

Walimu wenzangu wa hesabu, habari za kufungia mwaka.

Wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule tunaijua sote. Mitihani imesahihishwa, mawazo ya watoto yameshafika Rombo na Machame, na darasani kinachofanyika ni usafi na soga. Kwangu mimi hiyo ndiyo wiki bora ya kurudia milinganyo ya mstari na kidato cha kwanza. Hakuna mada ya kukimbizana nayo, na mtoto anaweza kukaa na grafu moja mpaka imnyookee.

Kuna jambo nalisisitiza kabla ya hatua. Kazi nyingi za sikukuu zinazopita mikononi mwetu ni maswali yale yale ya kitabuni, ila pembeni pamechorwa mti wa Krismasi. Ukiufuta ule mti, swali halipungukiwi na kitu. Kazi nzuri ni ile ambayo sikukuu yenyewe imo ndani ya mlinganyo, na mstari ukienda upande anayeuchora anashtuka mwenyewe kabla mwalimu hajafika kwenye dawati lake. Kwa kipimo hicho nimebakiwa na kazi tatu. Hii ya kwanza naipenda kuliko zote.

KAZI YA KWANZA: BENDERA YA TANZANIA (Sikukuu ya Uhuru, 9 Desemba)

Bendera yetu ina uwiano wa 2 kwa 3, kimo kwa urefu. Mstari mweusi unatoka pembe ya chini upande wa mlingoti kwenda pembe ya juu upande wa pili. Maana yake mteremko wa mstari huo ni 2/3, na mtoto hahitaji kukariri: anapanda 2 kila akienda 3.

Mahitaji: karatasi ya grafu, rula, penseli iliyochongwa vizuri, na penseli za rangi nne: kijani, njano, nyeusi na bluu.

Hatua ya 1. Chora mhimili wa x kutoka 0 hadi 18 na wa y kutoka 0 hadi 12, sentimita moja kwa kila kizio. Funga mstatili. Hiyo ndiyo bendera tupu.

Hatua ya 2. Tengeneza jedwali la y = (2/3)x kwa x = 0, 3, 6, 9, 12, 15 na 18. Majibu ni 0, 2, 4, 6, 8, 10 na 12. Weka nukta, unganisha kwa mstari hafifu. Waulize kwanza kwa nini tumechagua x zinazogawanyika kwa 3. Usiwape jibu; atakayejaribu x = 4 atalipata.

Hatua ya 3. Chora y = (2/3)x + 2 na y = (2/3)x − 2. Katikati ya hii miwili ndipo penye weusi.

Hatua ya 4. Chora y = (2/3)x + 3 na y = (2/3)x − 3. Nafasi nyembamba kati ya 2 na 3, juu na chini, ni ya njano.

Hatua ya 5. Kilichobaki juu kushoto ni kijani, chini kulia ni bluu. Hivi si vipimo rasmi vya mistari ya bendera, nimevirahisisha ili nukta ziangukie kwenye namba nzima. Waambie watoto hivyo.

Sasa angalia kinachotokea darasani. Aliyegeuza mteremko akaandika 3/2, mstari wake unagonga juu kwenye x = 8 na bendera inakuwa kama imevunjika shingo. Aliyeweka alama ya kutoa kwenye mteremko, mstari wake unashuka badala ya kupanda, na hakuna mtoto wa Kitanzania asiyejua kwamba bendera yetu haiko hivyo. Hapo huna haja ya kutumia kalamu nyekundu.

Mistari mitano, mteremko mmoja, na haikutani kamwe. Dhana ya mistari sambamba, ambayo huwa tunaipitia kwa haraka, inakaa yenyewe. Kinachobadilika ni ile namba ya mwisho tu, yaani pale mstari unapokata mhimili wa y.

Kwa wanaomaliza mapema, wape bendera ya Tanganyika iliyopandishwa 9 Desemba 1961: kijani, njano nyembamba, nyeusi, njano nyembamba, kijani, yote imelala. Wataandika y = 5, y = 7 na kadhalika, na swali la "mlinganyo usio na x ni mlinganyo gani?" litajijibu. Baada ya Muungano wa 1964, bluu ya Zanzibar ikaingia na mistari ikainuka kwenda pembeni. Mteremko ulitoka 0 ukawa 2/3. Mwalimu wa historia akipita mlangoni mkaribishe.

KAZI YA PILI: MWENGE MLIMANI

Usiku wa kuamkia Uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro. Watoto wa Moshi wanauona mlima huo kila asubuhi mawingu yakifunguka, lakini wachache wameshaukokotoa.

Mwalimu wa jiografia ameshawafundisha kwamba joto hupungua wastani wa nyuzi 0.6 kila ukipanda mita 100, sawa na nyuzi 6 kwa kilomita. Mji wa Moshi uko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari. Tuchukulie mjini ni nyuzi 26, na x iwe kilomita za kimo juu ya Moshi:

y = 26 − 6x

Hatua ya 1. Andika vituo vya njia ya Marangu kwa kukadiria: Horombo karibu mita 3,700, Kibo karibu mita 4,700, kilele cha Uhuru mita 5,895. Toa 900, gawanya kwa 1,000. Unapata x = 2.8, 3.8 na takriban 5.

Hatua ya 2. Kokotoa y: 9.2, kisha 3.2, kisha −4.

Hatua ya 3. Chora. Hapa wengi watagundua kwamba mhimili wao wa y uliishia kwenye sifuri na kilele hakina pa kukaa. Waache waanze upya. Ndiyo njia ya kuzoea kuangalia thamani zote za jedwali kabla ya kuchagua skeli.

Hatua ya 4. Mstari unakata mhimili wa x wapi? Karibu 4.3, yaani mita 5,200 na kitu juu ya usawa wa bahari. Waulize maana yake. Mtoto akikwambia "hapo ndipo maji yanaanza kuganda, mwalimu", ameelewa kitu ambacho swali la "tafuta pale y = 0" halijawahi kumpa.

KAZI YA TATU: KOSTA YA KRISMASI

Hii ni fupi. Ukoo unaoishi Arusha unakwenda Marangu kula Krismasi. Kukodi kosta nzima ni shilingi 120,000. Kupanda gari la abiria ni 5,000 kwa kichwa. (Bei ni za mfano, weka za kwenu.) Wachore y = 120,000 na y = 5,000x kwenye grafu moja. Mistari inakutana x = 24. Wakiwa pungufu ya hapo kosta ni hasara, wakizidi ni nafuu. Wakishamaliza, waache wabishane: je, watoto wanaopakatwa wanahesabiwa? Mabishano hayo ni hesabu tupu.

Kuhusu mti wa Krismasi: y = 2x + 10 kutoka x = −5 hadi 0, y = −2x + 10 kutoka 0 hadi 5, na y = 0 chini. Unafaa kuonyesha miteremko yenye alama tofauti. Dakika kumi zinatosha, usiufanye kipindi kizima.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, Himo: Shikamoo mwalimu. Nina wanafunzi zaidi ya themanini kwenye mkondo mmoja na karatasi za grafu hatuna. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwalimu. Toka nao nje. Chora mihimili miwili uwanjani kwa majivu au chokaa, hatua moja kubwa iwe kizio kimoja. Gawa vikaratasi vyenye thamani za x, kila mtoto akokotoe y yake kisha akasimame mahali pake. Ukivuta kamba kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, aliyekosea anajiona yuko nje ya kamba na wenzake wanamsaidia kurudi. Mstari mmoja unachukua watoto watano hadi saba, kwa hiyo bendera ya mistari mitano inawasimamisha thelathini hivi kwa wakati mmoja. Wengine wahakiki, halafu wabadilishane. Kwa kazi ya kuandika, daftari la hesabu lenye vyumba vya mraba linatosha kabisa.

Mwalimu, Sanya Juu: Kwenye ile ya kosta, idadi ya watu ni namba nzima. Ni sahihi kuunganisha nukta?

Jibu: Swali zuri, na liulizwe darasani. Hakuna abiria 7 na nusu, kwa hiyo kilicho kweli ni nukta peke yake. Mstari tunauchora hafifu au kwa vidoti ili tuone pa kukutania. Kwenye mlima ni tofauti: kimo cha kilomita 2.35 kipo na kina joto lake, kwa hiyo mstari mzima una maana. Ukiziweka kazi hizi mbili ubavuni, watoto wataona tofauti bila hotuba.

Madamu, Unga Limited, Arusha: Nusu ya darasa langu ni Waislamu. Kuna kazi ya Idd, au tuendelee na Krismasi tu?

Jibu: Ipo, madamu, tena ina mteremko mzuri sana. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, una siku kama 354, kwa hiyo Idd el Fitri husogea nyuma karibu siku 11 kila mwaka. Waambie walete kalenda za zamani kutoka nyumbani, wageuze tarehe kuwa siku ya ngapi katika mwaka. Mwaka 2024 Idd ilikuwa 10 Aprili, siku ya 101 kwa kuwa Februari ilikuwa na siku 29. Mwaka 2025 ilikuwa 31 Machi, siku ya 90. Ukihesabu x kuanzia 2024, unapata y = 101 − 11x. Wauendeleze mstari mbele na kubashiri miaka inayofuata. Wakumbushe kwamba mwandamo wa mwezi unaweza kusogeza nukta kwa siku moja, na kwamba mstari wa makadirio si lazima upite kwenye kila nukta.

Mwalimu, Majengo, Moshi: Wanafunzi wangu wakiona (2/3)x + 2 wanajumlisha 2 kwenye x kwanza, ndipo wanazidisha. Bendera itawaonyesha kosa?

Jibu: Hapana, mwalimu, na ni vizuri umeliona. Wakifanya hivyo kwenye mistari yote, bendera inatoka imenyooka ila mkanda wa katikati unakuwa mwembamba, na mtoto hashtuki. Kwa kosa hilo nawataka waanze kila jedwali na x = 0. Kwa y = (2/3)x + 2 lazima wapate 2 kamili; aliyejumlisha kwanza atapata 4/3. Kabla ya kupaka rangi, kila mmoja ahesabu vyumba kwenye mhimili wa y kutoka sifuri hadi mstari wa kwanza: viwe viwili, kisha kimoja zaidi kufikia ukingo wa njano. Asiyepata hivyo asishike penseli ya rangi kwanza.