Jinsi ya kufuatilia maisha ya setla wa kikoloni aliyekuwa pia ofisa wa jeshi: mfano wa Tom von Prince, Bwana Sakarani

Iringa, Tabora, Lushoto mpaka Tanga, jina la Bwana Sakarani bado lipo midomoni mwa wazee, ila ukitaka kujua huyu Mjerumani alikuwa nani hasa unapata vipande vipande tu, huku unaambiwa alimsaka Mkwawa, kule unaambiwa alikuwa na shamba Usambara, kwingine unaambiwa alikufa vitani Tanga, na vyote hivyo ni kweli. Naandika hapa namna ya kuviunganisha, maana njia hiyohiyo inafaa kwa setla yeyote yule aliyewahi kuvaa magwanda, na mi naamini sisi ndo tunaotakiwa kuzifanya hizi kazi, tusisubiri mjukuu wake aje kutusimulia.

Kwanza kabisa shika majina yote, hapa ndo watu wengi wanakwama siku ya kwanza tu. Huyu bwana alizaliwa Mauritius mwaka 1866, baba Mwingereza mama Mjerumani, akakulia na kusomea Ujerumani. Mpaka 1907 aliandikwa Prince tu, hiyo "von" alipewa mwaka huo alipoingizwa kwenye daraja la watu wa heshima kule kwao, kwahiyo ukitafuta "von Prince" kwenye karatasi za 1893 hutapata kitu na utadhani hazipo. Tafuta Prince, tafuta von Prince, alafu kwa wazee taja Sakarani maana hilo lingine hawalijui. Fanya hivohivo kwa watu wetu na miji yetu: Mkwawa Wajerumani walimwandika Quawa, Isike wa Unyanyembe utamkuta Sike au Siki, Lushoto ni Wilhelmstal, Tukuyu ni Neu-Langenburg, Dar ni Daressalam neno moja. Andika hiyo orodha kwenye daftari kabla hujagusa kompyuta.

Baada ya hapo chora mstari wa miaka na uukate mara tatu, kwasababu mtu wa aina hii ana maisha matatu na kila moja karatasi zake zinakaa sehemu yake. La kwanza ni la uaskari, kwa Prince ni toka 1890 hivi mpaka karibu 1900. La pili ni la usetla, shambani Usambara. La tatu ni fupi sana, ni 1914 aliporudi kwenye bunduki akiwa kiongozi wa masetla wenzake. Ukichanganya utapotea, unakuta mtu anatafuta habari za shamba kwenye ripoti za kijeshi anakaa wiki nzima bure.

Sasa maisha ya uaskari. Prince mwenyewe aliandika kumbukumbu zake na zikachapwa 1914, ila zingatia hili, kitabu chenyewe kinaishia 1895. Yani kina habari za Tabora, za Januari 1893 alipovunja boma la Isike na Isike akaamua kujilipua na baruti kuliko kushikwa, kina na habari za Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilivyoangushwa Oktoba 1894, ila mwisho wa Mkwawa haumo. Kwa miaka inayofuata inabidi uende kwa mkewe, Magdalene, ambaye alikaa naye Iringa na kitabu chake kilitoka 1903, pamoja na ripoti za serikali zilizokuwa zinachapwa kwenye gazeti la makoloni kule Berlin. Vyote hivi vya zamani hakimiliki imeshaisha na vingi vimeskaniwa, unavisoma bure mtandaoni.

Tatizo ni maandishi. Vitabu na magazeti ya Kijerumani ya wakati ule yanatumia herufi za kizamani ambazo s inafanana na f, ukizoea kurasa kumi zinasomeka. Barua za mkono ndo balaa, hata Wajerumani wa leo wengi hawazisomi, ila kuna programu ya kompyuta inaitwa Transkribus inazigeuza kuwa maandishi ya kawaida, alafu unatafsiri kwa simu, alafu lazima umpe mtu anayejua Kijerumani aangalie sentensi zile muhimu. Usiamini tafsiri ya simu kwenye jambo la nani aliua nani.

Na hapa kwenye Uhehe nakuomba uende polepole, usikimbilie kumaliza. Agosti 1891 Wahehe walikipiga pale Lugalo kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yule waliyemwita Nyundo, akafa yeye na askari wake wengi. Miaka mitatu baadae Wajerumani wakaja na mizinga Kalenga, Mkwawa akatoka akaingia porini akapigana kwa kuvizia. Prince ndo aliyejenga kituo Iringa 1896 na ndo aliyepewa kazi ya kummaliza. Mbinu yake haikuwa bunduki peke yake, alimrudisha Merere, mtawala wa Wasangu, kwao Usangu, akamweka Mpangile ndugu yake Mkwawa kuwa mtawala wa Uhehe mwisho wa 1896, na mapema 1897 akamnyonga huyohuyo Mpangile kwa tuhuma kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Ikatangazwa zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa cha Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijipiga risasi mwenyewe, hakukubali kushikwa, na kichwa chake kikakatwa kikapelekwa Iringa kituoni.

Ukisoma haya kwa maneno ya Prince na mkewe utaona ni habari ya ushujaa na uvumilivu wao. Kwahiyo kila tukio liandike kwenye karatasi yenye safu mbili, upande mmoja anavyosema yeye, upande wa pili wanavyosema Wahehe, alafu chini weka kile ambacho pande zote mbili zinakubaliana. Hapo kwa Mpangile utaona tofauti inavyokuwa kubwa, upande mmoja ni msaliti aliyeadhibiwa, upande mwingine ni mtu aliyewekwa kwenye kiti ambacho hakikuwa na njia ya kutokea salama. Sehemu kama hiyo ndo ya kukaa nayo muda mrefu.

Habari ya fuvu nayo ifuatilie mpaka mwisho ingawa Prince mwenyewe alishatoka jeshini, maana mkataba wa Versailles wa 1919 kifungu cha 246 uliitaja kabisa, Ujerumani ikaamriwa ilikabidhi kwa Uingereza, na bado lilikuja kurudi 1954 tu, enzi za gavana Twining. Liko Kalenga kwenye makumbusho. Nenda, sio mbali na Iringa mjini, na ukipita barabara ya Dar simama pale Lugalo kwenye mnara.

Maisha ya usetla watu huwa wanayaruka kwasababu hayana vita, na mi nasema ni kosa kubwa. Swali lako hapa ni moja tu, ardhi aliipataje. Novemba 1895 amri ya mfalme wa Ujerumani ilisema ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na aliyeamua ipi haina mwenyewe ni afisa wa serikali. Huko Usambara mwaka huohuo 1895 Wajerumani walikuwa wameshamnyonga Mputa, mtoto wa Semboja, wa ukoo wa Kilindi uliotawala Usambara. Walowezi wakazidi kugawiwa milima. Alafu uliza nani alilima. Toka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilikuwa na mpango wa kadi, kila mwanaume Msambaa mwenye nguvu anatakiwa afanye kazi kwa Mzungu siku 30 ndani ya miezi 4. Ukiwa na hilo kichwani hata tangazo dogo la shamba kwenye gazeti la Usambara-Post lililokuwa linatoka Tanga unalisoma kwa macho mengine.

Mafaili ya ardhi ya Wajerumani yapo Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, yana namba zinazoanza na G. Ulizia masharti ya kibali kabla hujasafiri, ukiwa mwanafunzi beba barua ya chuo. Ya wizara ya makoloni yako Berlin kwenye nyaraka za taifa za Ujerumani, kundi la R 1001, na mengi unayaona mtandaoni bila kulipa. Baada ya vita Waingereza walizichukua mali za Wajerumani kama mali za adui, kwahiyo kwa miaka ya 1920 hamia kwenye karatasi za Kiingereza, zile za Tanganyika zilizopo Kew, London, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, ni kundi la CO 691. Shamba lenyewe la Sakharani liko karibu na Soni, leo ni la Wabenediktini, na jina limebaki.

Maisha ya tatu ni miezi michache. Vita vilipoanza Agosti 1914 masetla wa kaskazini wakaundwa kombania za kujitolea, na Prince, ambaye ni kapteni mstaafu, akapewa kuziongoza. Novemba Waingereza walishusha Tanga jeshi la watu kama 8,000 wengi wao kutoka India, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawa na kama 1,000, na asilimia kubwa ya hao walikuwa askari Waafrika. Prince akauawa mjini Tanga tarehe 4 Novemba, mtu wa baba Mwingereza kapigwa risasi akipigana na Waingereza. Kwa sehemu hii usitegemee upande mmoja, shajara za vikosi vya Uingereza zipo Kew kundi la WO 95 na zinataja saa kwa saa. Na tafuta majina ya askari Waafrika kwa juhudi zilezile, maana Prince utampata kirahisi na wao hutawapata kirahisi, ukipata hata jina moja liandike na ulipolitoa.

Wazee uwaache wa mwisho, uende ukiwa umeshasoma. Iringa ingia na "kamwene", salamu ya Kihehe, na umwone mwenyekiti wa kijiji kwanza, kaa, usitoe simu kurekodi mpaka umeomba ruhusa. Usiulize "Prince alikuwa mbaya?", muulize mzee nani kwenye ukoo wake alikuwepo, alihamia wapi, shamba la babu lilikuwa wapi kabla. Andika jina la aliyekusimulia na nani alimsimulia yeye, kama hataki jina lake litoke heshimu. Ukimaliza kuandika mrudishie asomewe kabla hujaposti popote, na nakala moja iache shule ya kijiji, nyingine kwenye makumbusho ya Boma pale Iringa mjini kama watapokea.