Kukusanya maoni ya wakazi kabla ya kujenga upya kituo cha mtaa

Usianze na mchoro uliokamilika. Mkazi akiuona atadhani uamuzi umeshapita, kisha atajibu kwa hasira au atanyamaza. Tandika mezani ramani ya kipimo cha 1:500, yaani sentimita 1 kwa mita 5. Gawa stika za rangi mbili: kijani kwa kinachopaswa kubaki, nyekundu kwa kinachokera. Kila stika iandikwe sababu. Stika nyekundu tupu kwenye maegesho haikuambii kama yamejaa, yana giza au yanatuama maji mvua ikinyesha.

Dodoso lisizidi maswali 10. Kosa sugu ni kuuliza mawili kwa mpigo: “Unataka maduka zaidi na maghorofa?” Anayetaka maduka tu ajibu nini?

Mkutano wa saa 4 asubuhi huleta wastaafu na wenye maduka. Rudia jioni, halafu simama kituo cha basi. Wapangaji na vijana utawapata huko. Ukitaka asilimia za kutegemewa, chagua kaya kwa bahati nasibu: majibu 400 huacha kosa la takriban asilimia 5 juu au chini. Majibu 2,000 ya waliojitokeza wenyewe hayakupi uhakika huo, hata yakijaza kabati.

Mwishoni bandika palepale kwenye kituo cha mtaa yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na sababu zake.